Onja, Tema, Sogea

Swabra, weka kalamu kwanza, tunywe kahawa.
Chumba hiki juu ya duka la vipuri, Mwembe Tayari,
feni yake imekufa tangu Ramadhani,
na kesho saa mbili unaingia ukumbini Tononoka:
maswali arubaini, dakika thelathini.
Usipige hesabu, nimeshaipiga.
Sekunde arubaini na tano kila swali,
muda wa mtu kufunga kilemba, tena vibaya.

Wewe mchana kutwa uko ghala la chai, Shimanzi,
unawapangia waonjaji vikombe, safu kwa safu.
Ulinihadithia mwenyewe: wanavuta kijiko kwa kelele,
wanatema, wanasema neno moja, wanasogea.
Hakuna anayerudi kukiomba radhi kikombe cha tatu.
Basi na wewe vivyo hivyo.

Tazama hili:
*Vitabu ambavyo mwalimu wa shule zile za mjini alinunua…*
yamepotea, zimepotea, kimepotea, vimepotea.
Weka kidole gumba juu ya mwalimu,
juu ya shule, juu ya mji mzima na Makupa yake.
Kilichobaki ni vitabu na shimo mwishoni.
Vi kwa vi. Tema.
*Shule zile* zilikuwa chambo tu.

Nilikutungia ubeti nikingoja maji ya mfereji:

Nomino itangulie,
ngeli yake ikwambie,
kati usiangalie,
mkia utakujia.

Ila usikimbie hata ukakanyaga watu.
Kiziwi, kipofu, kijana, kifaru:
herufi ya kwanza hudanganya, pumzi haidanganyi.
Mwenye roho *amefika*, hata jina lake lianze na ki.
Ukiona *katika nyumbani*, huo mlango juu ya mlango, tupa.
Ukiona *ambaye aliyekuja*,
huyo kavaa viatu viwili mguu mmoja.
Swali likikukazia macho, litie nukta pembeni, pita.
Halina miguu, utalikuta.

Na sasa hili linaniuma kukwambia.
Sikio lako ni la Kuze, la bibi yako.
Yeye akisema *ndoo*, unakwenda.
Akisema *usiteke*, unafunga mdomo.
Kesho *ndoo* ni ya maji,
na *kuteka* ni kuyateka hayo maji, basi.
Bibi hakukosea.
Alikuwa akisema hivyo kabla mtungaji hajazaliwa.
Lakini mwache nje ya geti kwa dakika thelathini,
mtafutie kivuli, mpe kiti,
halafu toka ukamchukue. Usimsahau huko.

Mimi nilikaa ukumbi huohuo.
Swali la saba lilikuwa na kosa, na mimi nililiona.
Nikabishana nalo dakika kumi na moja,
jasho likinidondokea karatasini,
na haki ilikuwa yangu, wallahi, yote.
Kengele ikalia niko la kumi na tisa.

*Ningalisogea, ningalipita.*
Sentensi sahihi hiyo. Alama moja.
Usichanganye *nge* na *ngali*,
watakutegea hapo karibu na mwisho, mkono ukiwa umechoka.
*Nge* huenda na *nge*: mlango umerudishwa tu, haujafungwa.
*Ngali* huenda na *ngali*:
komeo, kufuli, na mwenye ufunguo kahama.
Mimi niko huku. Wewe bado uko kule.

Kahawa imepoa, inywe hivyohivyo.
Haya, la mwisho, kisha ukalale.
*Ua*. Wingi wake?

Nawe, kabla sijafunga mdomo:
"La kunusa, mwalimu, au wa kufagia?"